Jinsi ya Kuwa Mtalii Mbarara Ukitokea Nakivale

Anza kwa kuchagua mwezi. Vitabu vya watalii wa Ulaya huwashauri wasomaji wake watembelee majiji ya kale kati ya Septemba na Novemba, majani ya miti yanapogeuka mekundu, hewa inapopoa na umati wa wageni unapopungua. Ushauri huo unatufaa hata sisi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ingawa migomba ya Isingiro, wilaya yetu, ni ya kijani Januari hadi Desemba. Kwetu kinachobadilika ni njia. Vumbi la Julai na Agosti, lile linaloingia mpaka ndani ya sufuria, mvua za Septemba hulifanya tope. Vilima vilivyokuwa vikavu huota nyasi changa, na kila mwenye kipande cha ardhi yuko shambani na mbegu za mahindi na maharage. Koti utalihitaji kweli, maana asubuhi za Oktoba kando ya Ziwa Nakivale zina baridi.

Ila sababu kubwa ya kuchagua miezi hii iko kwenye kalenda. Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Katiba iliyofuta falme zake, ufalme wa Ankole wa huku kwetu ukiwemo, ni ya tarehe 8 Septemba 1967. Wapiganaji wa rais aliyepinduliwa, Milton Obote, waliingia kutoka Tanzania na kuishambulia Mbarara tarehe 17 Septemba 1972, na mwaka huohuo Rais Idi Amin aliwapa Waasia mpaka tarehe 8 Novemba wawe wameondoka nchini. Oktoba 1982 ni mwezi wa machozi kwa Wanyarwanda wa Ankole. Tarehe 1 Oktoba 1990 watoto wa wakimbizi walivuka mpaka na bunduki kurudi Rwanda. Novemba 1993 mwana wa mfalme wa Ankole alitawazwa, na serikali ikakataa kumtambua. Ukitembea Mbarara katika miezi hiyo, kila pembe ya mji utaikuta na tarehe yake.

Baada ya mwezi inafuata hatua ngumu kuliko zote, nayo ni kwenda bila shida yoyote. Watu wa Nakivale hawaendi Mbarara hivihivi. Tunakwenda kwa sababu mtoto ameandikiwa hospitali ya rufaa, au fomu imekosa muhuri, au ada ya shule imefika tarehe, au duka limeishiwa sabuni na chumvi. Ndiyo maana ukisimama steji ya Base Camp asubuhi umevaa shati safi, mama jirani atakupa pole kabla hujasema neno, kisha atauliza, "Ni nani mgonjwa?" Jifunze jibu mapema, ulirudie mpaka likutoke bila aibu: "Hakuna mgonjwa, mama. Naenda kutazama." Atakushangaa. Mwambie utamletea habari, na ukirudi umletee kweli.

Nalisisitiza hili kwa sababu mtu aliyeijua Mbarara kwa foleni zake tu hajaijua. Amekaa kwenye benchi la hospitali, ameliona dirisha la ofisi, amepanda gari la jioni. Kilima cha ikulu ya zamani ya wafalme kilikuwa juu ya kichwa chake siku nzima na hakukiinulia macho. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa uhuru wa kutembea nchini, na sijaona mahali inaposema kwamba lazima utembee ukiwa na homa. Beba kitambulisho chako cha mkimbizi, kiweke kwenye mfuko wa ndani, maana unaweza kuulizwa njiani. Kisha panda gari ukiwa mtu aliyetoka kutembea.

Kuhusu usafiri, patana nauli kabla hujakaa, kwa kuwa mvua ikinyesha bei hupanda. Omba kiti cha dirishani. Utapita kwenye njia ya udongo, migomba kulia na kushoto, mpaka ukutane na lami ya barabara ya Kikagati pale Isingiro. Ukienda upande mmoja unaufikia mto Kagera, na ng'ambo yake ni Tanzania. Upande wa pili ni Mbarara. Sitaki usinzie kwenye lami hiyo. Mikungu ya ndizi inayopangwa kando ya barabara hupelekwa kulisha miji ya Uganda, na wengi tunaokula matoke kila wiki hatujawahi kuitazama Isingiro kama nchi ya mkulima, tumezoea kuiona kama njia ya kupita.

Ukifika mjini utataka kuona majengo ya kale, na utasumbuka. Mbarara ilitangazwa kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, lakini mji wenyewe una zaidi ya karne moja: Waingereza waliweka boma lao hapa mwishoni mwa karne ya 19, na sehemu moja ya mji inaitwa Boma hadi leo. Mwaka 1901 mfalme kijana, Kahaya, alitia sahihi mkataba ulioweka Ankole chini ya himaya yao, na waziri wake mkuu Nuwa Mbaguta ndiye aliyekuwa mkono wa kazi wa utawala huo kwa miaka mingi. Sasa mbona mji wa umri huo una maghorofa ya vioo na tofali mpya karibu kila unapogeuka? Jibu ni Februari 1979. Amin alikuwa amelivamia eneo la Kagera, upande wa Tanzania, mwishoni mwa Oktoba 1978, akabomoa na kupora. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilipomrudisha nyuma halikuishia mpakani. Liliendelea mpaka Masaka na Mbarara, likaziteka zote mbili mwishoni mwa Februari, na sehemu kubwa ya miji hiyo ikaachwa kifusi. Kwa hiyo simama High Street ukatazame kwa makini nyumba fupi chache zenye baraza na nguzo, zile zilizobanwa katikati ya maduka ya simu. Hizo ni za enzi ya maduka ya Wahindi, watu waliopima kitambaa na kuuza sukari hapa mpaka walipopewa siku 90 za kufunga virago. Wewe uliyefunga virago kwa dakika chache huhitaji mtu wa kukueleza mlango wa namna hiyo unafungwaje.

Kwenye mzunguko wa barabara ya Masaka kuna sanamu ya ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu. Piga picha naye. Kila mtalii hupiga, nawe ni mtalii.

Sasa panda Kamukuzi. Mlima si mkali, na ukikutana na mzee njiani umwamkie kwanza, "Agandi, sebo," naye ataitika, "Ni marungi." Maneno hayo machache yatakufungulia njia kuliko ramani. Kamukuzi ndiko ilikokuwa ikulu ya Omugabe, mfalme wa Ankole, na makao makuu ya wilaya ya Mbarara yako kilima hichohicho. Usitegemee dhahabu. Njoo hapa kwa ajili ya ngoma.

Ngoma ya kifalme ya Ankole inaitwa Bagyendanwa. Ilikuwa na nyumba yake, na ng'ombe wake mwenyewe, na ilitolewa maziwa kama mtu wa heshima. Wafalme walipita, ngoma ikabaki. Ufalme ulikuwa ndani yake kuliko ulivyokuwa kwenye kiti. Waliopatwa na msiba, ng'ombe wakafa au nyumba ikaungua, walikuja mbele yake kuomba msaada. Falme zilipofutwa mwaka 1967 ngoma iliondolewa mahali pake. Buganda, Bunyoro, Toro na Busoga zilirudishiwa watawala wao wa jadi kuanzia mwaka 1993. Ankole haikurudishiwa, kwa sababu Waankole wenyewe hawakukubaliana: wengi miongoni mwa Wairu, waliokuwa wakulima, hawakutaka kuurudia utawala walioukumbuka kama wa Wahima, wafugaji. John Barigye alitawazwa Novemba 1993, serikali ikasema kutawazwa huko ni batili, naye akafariki mwaka 2011 bila kiti. Ukiwa Kamukuzi fikiria jambo hili polepole. Sisi tumezoea kudhani kwamba wenyeji wana nchi yao kamili na sisi ndio tuliopoteza. Hapa kuna kilima kizima cha watu walio nyumbani kwao na bado wanabishana kuhusu walichopoteza, na kama kirudi au kisirudi.

Kutoka hapo chukua boda mpaka Nkokonjeru, upande wa Kakika. Nenda taratibu, omba ruhusa kwa anayetunza mahali, vua kofia. Hapa wamezikwa wafalme wawili wa mwisho waliotawala: Kahaya II, aliyefariki mwaka 1944, na Gasyonga II, aliyefariki mwaka 1982. Wafalme waliowatangulia hawakuzikwa hivi. Waankole wa zamani waliamini kwamba mfalme akifa hugeuka simba, na mwili wake ulipelekwa msituni. Kahaya na Gasyonga walikuwa Wakristo, wakalazwa chini ya saruji kama watu wengine, na wageni wengi hutazama makaburi hayo kwa dakika tano kisha wakauliza soda iko wapi.

Wewe kaa zaidi. Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Gasyonga alitawala kuanzia 1944 hadi 1967. Hesabu ni rahisi: familia za kwanza za Kitutsi zilipoikimbia Rwanda ya mapinduzi ya 1959 na kulala usiku wa kwanza kwenye nyasi za Nakivale, mfalme wa ardhi hiyo alikuwa huyu aliyelala hapa mbele yako. Sikuambii alifanya nini au hakufanya nini. Nakuambia kwamba tuna mzee wa kumwamkia, jina lake linajulikana na kaburi lake liko safari ya asubuhi moja kutoka kwetu, na wengi tuliozaliwa au kukulia Nakivale hatujawahi kufika. Mwamkie kwa lugha yako. Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali, Kilingala, Kibembe, Kishi, zote zinafaa mbele ya kaburi.

Ukiwa bado na nguvu, pita nje ya Ntare School. Ilianzishwa mwaka 1956 na mwalimu kutoka Scotland, William Crichton, na haina mnara wala kengele ya ajabu. Ni shule, na wanafunzi wana masomo, kwa hiyo usiwachungulie madirishani. Tazama lango tu ukijua nani aliingia hapo. Yoweri Museveni alisoma hapa. Paul Kagame naye alisoma hapa, akiwa mtoto wa wakimbizi aliyevushwa mpaka angali mdogo. Lango moja la shule likatoa marais wa nchi mbili, na mmoja wao alikuwa na karatasi kama zetu. Mpeleke mwanao alione lango hilo, hasa yule anayesema hataki kusoma kwa sababu mkimbizi hana pa kufika. Halafu mwambie na upande mwingine, usimfiche: njia ya kurudi nyumbani kwa kizazi hicho ilipita vitani. Waliovuka mpaka wa Kagitumba kuingia Rwanda tarehe 1 Oktoba 1990 waliongozwa na Fred Rwigema, aliyelelewa naye ukimbizini Uganda, na akauawa siku ya pili.

Kuna mahali pengine panapohitaji kutembelewa, ila hapana kibao, nami siwezi kukuelekeza kwa mkono. Mwanzoni mwa Oktoba 1982, katika wilaya ya Mbarara ya wakati huo, vijana wa chama tawala cha UPC pamoja na viongozi wa mitaa waliingia vijijini kuwafukuza walioitwa Wanyarwanda. Kati yao walikuwemo wakimbizi wa 1959, na walikuwemo pia watu ambao babu zao walizaliwa Uganda. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Makumi ya maelfu walikimbilia mpaka wa Rwanda, na makumi ya maelfu wengine walisukumwa kwenye makazi ya Nakivale na Oruchinga. Baadhi ya vijana wao wakaenda porini kujiunga na jeshi la msituni la Museveni, na miaka minane baadaye wengi wa hao walikuwa Kagitumba. Ukitaka kuuona mnara wa Oktoba 1982, kaa na mzee yeyote wa eneo hili mwenye umri wa miaka 55 na zaidi, umnunulie kikombe cha bushera, kisha unyamaze. Akitaka kusema atasema. Asipotaka, mmekunywa bushera.

Biharwe uiachie alasiri. Iko kwenye barabara ya Masaka, kilomita kama 12 kutoka katikati ya jiji, na hadithi yake naipenda kuliko zote za huku. Simulizi za wenyeji zinasema jeshi la Bunyoro, likiongozwa na mfalme wake, Omukama Olimi, lilikuwa likirudi kutoka vitani, likiswaga ng'ombe wasiohesabika. Walipofika Biharwe jua likafa mchana. Giza likaingia, ndege wakanyamaza, na wale askari waliokuwa hawamwogopi mtu wakatupa fimbo na kukimbia. Ng'ombe wakabaki peke yao kilimani. Watu wa Ankole walipotoka mafichoni na kuona mifugo imejaa pasipo mwenyewe, walisema imeshuka kutoka mbinguni. Wanahistoria walipotafuta kupatwa kwa jua kunakolingana na simulizi hilo, walifikia tarehe 17 Aprili 1520, na mwaka 2014 mnara wa ukumbusho ulizinduliwa hapo Biharwe na Rais Museveni.

Fikiria maana yake kwa mwanahistoria: bila karatasi wala kalamu, kwa midomo ya bibi na babu tu, watu walibeba siku moja kwa karne karibu tano mpaka wasomi wakaipatia tarehe. Kila jioni huko Nakivale kuna bibi kutoka Masisi, au Uvira, au Baidoa, anayewasimulia wajukuu siku ambayo jua lilikufa kwao. Nenda Biharwe ukaone simulizi la namna hiyo linavyoweza kujengewa mnara, kisha rudi ukamsikilize bibi yako vizuri zaidi.

Karibu na hapo ni Igongo, kituo cha utamaduni kilichoanzishwa na mchapishaji James Tumusiime. Makumbusho yake yanaitwa Eriijukiro. Kuna kiingilio, jiandae. Ndani utaona ekyanzi, chombo cha mti cha maziwa, pamoja na vibuyu, vikapu, mikuki na nyumba za msonge zilizojengwa upya. Mama wa Kivu akiviona vikapu hivyo atasema, "Hii tunayo kwetu," na yule wa Burundi atasema hivyohivyo, nao wote watakuwa wamesema kweli. Mipaka ilichorwa juu ya watu waliokuwa wakisuka kwa mkono mmoja.

Chakula sasa. Usirudi bila kula karo, ugali wa ulezi, pamoja na eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli ambao Waankole huwapa wageni wanaowaheshimu. Fedha ikiwa ndogo, rolex ya kando ya barabara inatosha: chapati, mayai, nyanya, na safari inaendelea. Kama umekuja Novemba, tafuta nsenene. Panzi hao hushuka kwa makundi usiku wa mvua, watu huwasha taa kali kuwanasa, na asubuhi wanauzwa wamekaangwa na kitunguu. Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023 wengi wetu tunapima kila shilingi, najua. Ndiyo maana nakuambia ufunge chakula chako kutoka nyumbani bila haya, bugali na sombe kwenye bakuli lenye kifuniko, ukale ukiutazama mji.

Rudi kabla ya jioni, maana tope la njia ya Nakivale halina huruma usiku.

Neno langu la mwisho ni kwa watu wa Mbarara, kwa kuwa utalii wa upande mmoja haujakamilika. Ninyi mna jiji lililoharibiwa mwaka 1979 na kujengwa upya. Sisi tuna mahali palipokuwa na watu kabla bendera ya Uganda haijapandishwa, na pangali na watu, zaidi ya 150,000 leo. Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Njooni Oktoba. Mgeni anahitaji kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa hiyo kishughulikieni mapema, na mkifika mripoti kwa mkuu wa makazi. Msije na marobota ya nguo kuukuu; njooni na njaa na fedha ya kununua. Asubuhi mnywe kahawa kwa Waethiopia, inayochomwa mkiiona. Mchana mle sombe na samaki wa ziwani kwa Wakongomani. Jioni Wasomali watawapa chai ya viungo. Msipige picha watu walio kwenye foleni. Ulizeni kuhusu 1959, 1994, 1996 na 2015, kila mwaka una mtaa wake. Ulizeni na kuhusu Julai 2010, Wanyarwanda walipopakiwa kwenye malori na kurudishwa kwao kwa nguvu, wengine wakiruka malori yakienda. Ni historia yenu pia, ilipita kwenye barabara zenu.

Na wanaohusika na vibao vya kumbukumbu katika jiji na katika wilaya ya Isingiro, tunawaomba kimoja tu, kisimame pale njia ya udongo inapoiacha lami. Kiandikwe kwa Kinyankore, Kinyarwanda, Kiswahili, Kirundi, Kisomali na Kiamhara: Nakivale, 1958. Mafundi wa kukichonga na kukipaka rangi tunao wenyewe. Tuambieni tu urefu na upana.